Kidani cha Waya Mchafu

Jumatatu, 1 Februari 1999

Bangili kumi na nane kabla ya chai. Mezani petu hakuna mwengine aliyepita kumi na mbili. Sijisifu, naandika yaliyotokea. Na nisipojisifu mimi, kazi hiyo ataifanya nani?

Saa nne kasorobo nikainua koleo juu nikasema, "Simu yaja." Wote wakatulia. Hakuna kitu. Safari, mpwa wa meneja, akaanza kunicheka kwa meno yote, na kabla hajayafunika simu ikalia dirishani. Soda ya tatu hiyo nimeshinda kwake. Wanasema nina jini. Siwakatazi.

Jini lenyewe ni hili. Mimi nasikia kwa kisanduku cha kukuza sauti. Hukaa mfukoni mwa shati, waya wapanda mpaka sikio la kulia. Meneja naye ana simu ya mkono, mpya, na mahali pekee inaposhika mtandao ni dirisha la afisi, ambalo liko begani kwangu hapa niketipo. Simu ikitaka kulia, kisanduku hujua kwanza. Trrr, trrr, trrr. Nyuki ndani ya debe. Kisha ndipo ilie. Kwa hiyo katika karakana nzima, ya watu thalathini sote tuliopungua kitu mwilini, wa kwanza kujua simu yaja ni kiziwi.

Wa kwanza kujua, wa mwisho kuweza kuijibu. Hilo siwaambii.

Jumatano, 3 Februari

Meneja katukusanya. Bwana Kazungu akitukusanya huvaa miwani hata kama hana cha kusoma.

Tumepewa kibanda katika hoteli moja kule Shanzu. Kitafunguliwa tarehe mosi Machi. Mtu mmoja atakaa huko kuuza vidani na bangili, na atabeba simu ya mkono, maana mahoteli mengine yataagiza kwa kupigia huko. Simu ya waya ya hapa Bombolulu ilikufa Disemba. Wezi walikata nyaya kutoka barabarani mpaka kwetu, nguzo kumi na moja. Shaba tupu. Huenda nyingine zimerudi kwetu kwa mlango wa nyuma na tumezifanya hereni. Hilo pia silisemi kwa sauti.

Nikainua mkono. Hakuna mwengine aliyeinua. Wote walikuwa wakimtazama Safari, na Safari alikuwa akitazama viatu vyake, vipya.

Meneja akasema mbele ya watu, "Mbwana, wewe ni fundi. Simu mwachie mwenye masikio."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Ndiyo mbaya zaidi.

Nitakwenda Shanzu. Nimeandika kwa wino, haufutiki.

Alhamisi, 4 Februari

Nililala na hasira, nimeamka nayo. Chai haikuiondoa.

Miaka minne nautazama ukuta uleule. Mikono yangu wanaipenda, mdomo wangu hawauhitaji, na mdomo ndio mali yangu. Nina maneno thelathini ya Kijerumani na mengine nimejibunia, na Wajerumani huyanunua yote. Safari akisimama mbele ya mgeni hujikuna.

Nikaenda afisini kumwambia meneja hayo. Nikampa shikamoo kwanza, sikulelewa porini. Akaitikia, akavua miwani. Kisha akasema neno moja na neno lenyewe ni kweli, ndiyo maana limenichoma.

"Wewe usiposikia hutikisa kichwa kama uliyesikia. Mwaka jana ulitikisa kichwa, tukampelekea mtu hereni za umbo la ndovu naye alitaka za kasa."

Nilitikisa. Kila kiziwi hutikisa. Ukimwambia mtu "eti?" mara ya tatu hukutazama kana kwamba wamwomba damu. Shuleni niliuliza "eti?" mpaka darasa la sita. Surua ilinichukulia masikio nikiwa la tatu, na mwalimu akidhani nina kiburi. Kiburi ninacho, ila hakikuwa hapo. Akanichapa mpaka nikajifunza kutikisa kichwa. Ndiyo elimu yangu kubwa.

Ijumaa, 5 Februari

Meneja alikwenda mjini, akamwachia Da Rehema simu aichunge. Da Rehema ni jirani yangu mezani. Mguu wake wa kushoto ulichukuliwa na polio, ulimi ukaachwa mzima kabisa. Nikambembeleza tangu saa tatu.

"Ukiivunja nitasema uliniibia," akasema, akanisukumia.

Dada yangu Mwanaisha hufua shuka katika hoteli hiyohiyo ya Shanzu. Tulipatana anipigie mchana kwa simu ya sarafu. Nyuki wakaanza, ikalia, nikabonyeza. Kisikilizio changu kiko kifuani, basi nikaiweka simu kifuani, kama mama anayempa mtoto ziwa. Meza nzima ilikufa kwa kicheko. Wacheke.

Sikusikia neno. Nyuki tu, elfu moja, wakali, na nyuma yao kitu ambacho huenda ni dada yangu au huenda ni pampu ya maji. Nikapunguza sauti, nyuki wakapungua na dada akatoweka. Nikaongeza, nikatamani kujitupa kisimani.

Jioni Mwanaisha akaniuliza, "Ulinisikia?"

Nikatikisa kichwa.

Akanitazama. Huyu najua siwezi kumdanganya. "Mbwana," akasema, "nilikwambia nimeungua mkono kwa pasi ya mvuke, nawe ukanijibu vizuri sana, alhamdulillahi."

Jumamosi, 6 Februari

Leo nimegundua kitu. Naandika polepole nisikiharibu.

Kisanduku kina swichi ya nafasi tatu. O ni kuzima. M ni kusikia. Ya tatu ni T, na tangu nilipopewa miaka sita iliyopita naijua T kuwa ni kaburi. Ukiweka hapo, kimya. Mama mmoja wa kliniki ndiye aliyenipa, akaniambia nisiiguse. Huenda alieleza na sababu. Huenda nilitikisa kichwa.

Leo nilikuwa nimeegemea redio ya Da Rehema nikifunga hereni, swichi ikagonga ukingo wa meza. Ikaenda T. Nyundo zikafa. Watu thalathini wakafa. Na kifuani mwangu, peke yake, safi, taarabu. Mwimbaji, udi, ngoma. Hakuna nyundo hata moja. Nikaketi kama mjinga. Nilipojiinua kutoka kwenye redio wimbo ukaondoka. Nilipojiegemeza ukarudi.

Da Rehema akanipiga kofi la mgongo, akasema kitu nami sikukisikia. Nikarudisha M. "Nasema, waikumbatia redio yangu kuna nini baina yenu?"

Nikaichungulia redio kwa nyuma, kwenye matundu. Spika ina sumaku na nyuma yake kuna waya umezungushwa, mwembamba kama unywele. Basi T haisikii hewani, yasikia waya huo. Waya umezungushwa. Hiyo ndiyo kazi yangu. Miaka minne sifanyi jingine.

Jumatatu, 8 Februari

Wiki hii meneja hushinda mjini, simu yabaki kwa Da Rehema. Simu na T, karibu: nyuki wabaya kuliko wote. Ila nimepima. Nikiiweka simu umbali wa pima moja, mikono miwili iliyonyoshwa, nyuki wanalala. Shida si simu. Shida ni ujirani.

Na ndani ya kasha la simu, kwenye droo ya meneja, mna waya mweusi wa kusikilizia wenye kitufe cha kufungulia simu na kisemeo, na mwishoni kipande kidogo cha kutia sikioni. Hajawahi kuugusa. Alisema yeye si mwanamke wa kuvaa hereni. Nikauazima. Yaani sikumwambia.

Mwanaisha akapiga. Simu mwisho wa waya, kile kipande nimekibana juu ya kisanduku, swichi T. Nikasikia mtu. Mdogo, kama sisimizi anayesema ndani ya chupa, lakini mtu. Alisema "Mbwana." Kisha kipande kikateleza upana wa ukucha, akapotea.

Nimesikia jina langu kwenye simu. Siku njema au mbaya, hii imeandikwa.

Sasa kile kipande ni kidogo mno. Nataka waya mkubwa. Nataka kidani, kinizunguke shingo na kishuke kifuani, kisanduku kikae katikati yake kama yai katika kiota.

Jumanne, 9 Februari

Nimeukata waya wa meneja. Nikatupa kile kipande, nikafunga hapo kidani changu cha shaba, mizunguko thelathini, mizuri hata Da Rehema akakiomba.

Kimya. T ya kaburi, ile ya zamani.

Da Rehema akatazama kipande kilichokatwa, akanitazama mimi. "Umeiua mali ya watu," akasema. "Angalau kafara yenyewe yapendeza."

Jumatano, 10 Februari

Kisauni kuna Fundi Bakari, hufunga upya mota za feni na pampu zilizoungua. Yeye hushinda amezungukwa na waya. Nikamwendea na kidani changu. Akakitazama, akacheka, akasema maneno mengi. Nje palikuwa na mashine ya kukobolea mahindi inanguruma, ndani nyundo. Akanipa waya wa feni iliyokufa, mwembamba, wa rangi ya kahawia, mchafu. Akaninyoshea kidole akanieleza jambo, polepole, kwa mkazo.

Nikatikisa kichwa. Nikamshukuru. Nikatoka mbio.

Alhamisi, 11 Februari

Nimeunyosha waya wote. Nimeusugua kwa msasa, kisha ndimu na majivu, kama tunavyofanya kila kazi ya hapa. Fundi hatoi kitu kichafu mkononi mwake. Umetoka unawaka kama kiberiti. Nimezungusha mara thelathini. Kesho.

Ijumaa, 12 Februari

Kimya tena, nikaurudisha waya kashani na kidani chake.

Na si hayo tu. Watu waliotuletea hiyo simu walikuja kututembelea, meneja akafungua kasha awaonyeshe inavyotunzwa. Akavuta waya. Ukatoka na kidani changu mkiani kama samaki aliyenasa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Wageni walipoondoka akaniita, akakiweka mezani. Akasema nilichofanya kina jina lake na hataki kulitamka. Akasema Safari ndiye aendaye Shanzu, mambo yameisha, na simu haitakaa tena dirishani, itakaa mfukoni mwake hata kama haishiki mtandao.

Nikamwambia hayajaisha.

Akasema yameisha.

Nikamwambia tena. Kidani na mkia wake akanitupia, maana sasa hakimfai mtu.

Nimeandika hadi hapa na kalamu imetoboa karatasi. Ni hasira, si kilio. Anayesema ni kilio aje tutazamane.

Jumapili, 14 Februari

Nimerudi Kisauni. Jumapili mashine ya mahindi imelala. Fundi Bakari alikuwa anakula viazi vya karai. Nikakitoa kidani, kinang'aa.

Akakigeuzageuza. "Nilikwambia nini?"

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani kwa mtu nisiyemzoea. Nikasema, "Fundi, sikusikia. Siku ile sikusikia hata neno moja. Nilitikisa kichwa tu. Niambie tena, na nikisema sikusikia, niambie mara ya tatu."

Nikangoja anitazame kwa lile jicho la mtu anayeombwa damu. Hakunitazama. Akajifuta mikono, akajisogeza upande wa kisanduku, akasema.

Ule uchafu si uchafu. Ni vanishi. Ndiyo nguo ya waya. Waya uliovikwa, kila mzunguko hupita kivyake, umeme hutembea mizunguko yote thelathini. Waya uchi, mizunguko yagusana, umeme wakata njia ya mkato na hakuna kazi iliyofanyika. Kwake yeye, mtu aliyeusugua waya wa mota kwa msasa na ndimu ni sawa na mtu aliyemchuna ng'ombe kisha akangoja amkamue.

Nilicheka mpaka kisanduku kikapiga mluzi. Fundi wa vidani wa kwanza pwani nzima, na kilichoniponza ni kung'arisha.

Akanipa waya mwengine. "Usiuguse hata kwa kitambaa," akasema. Kisha akasema tena bila ya kuulizwa.

Jumanne, 16 Februari

Mizunguko arubaini. Ncha mbili tu nimezikwangua, pale zinapounganika. Kidani kibaya kuliko vyote nilivyowahi kufunga. Kina rangi ya chai iliyolala. Mikono ilinikataa, ilitaka msasa kama mlevi anavyotaka tembo la mnazi. Nimekivika utepe niliokata kwenye leso ya Mwanaisha iliyochakaa.

Simu sina. Nikamwomba Da Rehema redio yake, niifungue, nishike nyaya za spika. Akaifuta vumbi kwanza. Redio hiyo ni ya marehemu mumewe, najua.

"Ikifa, Mbwana, utaniimbia wewe kila asubuhi mpaka nife," akasema. "Na sauti yako naijua."

Nikaunganisha. Swichi T. Nikavaa.

Wimbo mzima. Nikainama, upo. Nikageuka, upo. Nikatembea mpaka waya ukakaza, upo. Nyundo zote thelathini zilikuwa zikipigwa na mimi sikusikia hata moja, nikamsikia mpiga udi akivuta pumzi kabla ya kuanza.

Da Rehema alikuwa akinitazama usoni. Alijua.

Jumatano, 17 Februari

Nimehamisha kigoda changu. Sasa nafungia bangili mlangoni pa afisi, chini, katikati. Anayeingia ananiruka. Anayetoka ananiruka. Meneja kaniruka mara tisa leo. Miguu yake mirefu kwa bahati yake.

Alhamisi, 18 Februari

Mara kumi na moja. Safari alikuja kunibembeleza niondoke, kwamba mjomba wake ana presha. Nikamwambia mjomba wake anajua dawa.

"Kwani wataka nini hasa?" akaniuliza.

Nikamwambia nataka kupimwa. Basi. Nikishindwa nitafunga bangili mpaka nizeeke, na nitambebea viatu mpaka Shanzu. Akatazama viatu vyake. Si mtu mbaya, Safari. Ana aibu ya ng'ombe.

Ijumaa, 19 Februari

Asubuhi meneja alinikuta mlangoni na redio. Da Rehema alikuja na magongo yake akaketi kando yangu, kwa hiyo sasa mlango ulikuwa na watu wawili na hakuna mguu mrefu wa kuturuka.

Nikampa mgongo meneja, nikaangalia ukuta. Kidani shingoni, kimeunganishwa na redio. Da Rehema akaipunguza sauti mpaka wao wawili wakalazimika kuinama kusikiliza. Taarifa ya habari. Nyundo zinalia. Nikaanza kuisema, neno kwa neno, nyuma ya msomaji hatua moja, kama mtoto wa chuo nyuma ya maalim. Mvua zinazotarajiwa. Mkutano wa mawaziri. Bei ya mahindi. Nikafika mpaka kwenye michezo na hapo nikatia maoni yangu.

Niliporudisha M na kugeuka, meneja alikuwa amevua miwani.

"Jumatatu," akasema. "Nitawapima wote wawili, wewe na Safari. Na nyundo hazinyamazishwi kwa ajili ya mtu, maana kule kuna upepo na muziki."

Jumatatu, 22 Februari

Nikiandika haraka nitaharibu. Naanza mwanzo.

Meneja alitoka kwa miguu mpaka simu ya sarafu iliyo karibu na kituo cha petroli. Simu ya mkono akaiacha dirishani. Da Rehema shahidi. Safari kwanza, mimi nje ya ua, nisisikie wala nisione.

Safari akapokea, akaziba sikio la pili kwa kidole, akainama, akapiga kelele, "Ndio! Ndio! Sawa!" Hayo niliambiwa baadaye. Nyundo zilimla. Aliandika vidani sita, bangili kumi na mbili, hereni. Masikio mazima mawili na hakupata ya rangi wala ya siku.

Kisha mimi. Simu dirishani, mimi mwisho wa waya, ule alionitupia meneja, kidani ndani ya shati, T. Zilipokatika nyundo, nilisikia moyo wangu tu. Akapiga. Nikafungua.

"Habari ya asubuhi, karakana hapa, Mbwana nasema."

Akaanza, haraka, makusudi. Pale katikati lori lilipita upande wake na maneno yakamezwa. Shingo yangu ikaanza kuinama yenyewe. Wallahi nilihisi mfupa ukienda, ile tikisa, ile ya shule. Nikaisimamisha.

"Sikupata. Rudia kuanzia bangili."

Akarudia, kwa hasira.

"Rangi gani? Rudia."

Akarudia.

"Siku gani? Taratibu, bwana, mimi naandika."

Kisha nikamsikia akimwambia neno mtu aliyekuwa akingoja zamu nyuma yake, mdomo umegeuzwa, chini chini. Nikaandika na hilo.

Alirudi na jasho. Akatoa karatasi yake. Da Rehema akasoma yangu kwa sauti, taratibu, kama anasoma barua ya posa: vidani sita vya shanga za buluu. Bangili kumi na mbili za shaba ya njano, nyembamba. Hereni za kasa, jozi nane, narudia, za kasa. Zifike Alhamisi kabla ya adhuhuri. Aulizwe Bi Salma, mlango wa nyuma. "Subiri kidogo ndugu yangu, nina kichwa-ngumu mmoja hapa amekataa kufa."

Karakana nzima ikaweka nyundo chini. Kwa mara ya kwanza kimya chao nikakiona bila kukisikia, maana bado nilikuwa T. Ndipo nikarudisha M.

Meneja alikuwa na sura ya mtu aliyemeza kokwa. Akaikunja karatasi yangu akaitia mfukoni, si yake, yangu. "Mwezi mmoja," akasema. "Ukitikisa kichwa hata mara moja, unarudi kwenye ukuta."

Nikamwambia, "Sikusikia. Rudia."

Akarudia, kabla hajajua nimemcheza. Da Rehema akalia machozi kwa kucheka.

Jumanne, 23 Februari

Nimefunga bangili ishirini na tano. Hakuna aliyesema chochote, na mimi nimesema siku nzima.

Safari kaniletea soda bila ya kushindwa kitu. Aliuliza kama hakika atabaki na kigoda chake cha mezani. Shanzu hakuitaka, kumbe. Alikuwa anaogopa wageni na anaogopa kumwambia mjomba wake. Wiki tatu tumepigana na mtu ambaye hakuwa vitani.

Jumatatu, 1 Machi

Shanzu. Kibanda kiko kati ya bwawa la kuogelea na anayeuza aiskrimu. Muziki, upepo, watoto wa watu wanapiga mbizi. Simu tano. Nilisema "rudia" mara kumi na mbili. Mmoja alinikasirikia, mwanamke wa hoteli ya jirani, akasema, "We kijana ni kiziwi?"

Nikamwambia, "Ndiyo mama, kabisa. Kwa hiyo sema vizuri."

Akasema vizuri.

Mgeni mmoja alitaka kukinunua kidani changu, kile kibaya. Nikampa bei ya Shanzu nzima. Alicheka akanunua kingine.

Jumapili, 7 Machi

Upepo mwingi, wageni wachache. Nimeuza jozi mbili za hereni na nimepanga upya shanga kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa rangi tena.

Simu naiweka ndani ya kikapu, ukingo wa mbali wa meza, mahali inapopenda mtandao na nyuki wasiponifikia. Saa nane ikalia. Nikaruka, nikamwaga sahani nzima ya shanga mchangani. Nikageuza swichi, nikafungua.

Mwanaisha. Yuko pale nyuma ya ukuta, chumba cha kufulia, naona moshi wa mvuke wake kutoka hapa. Alikuwa hana la kusema. Nikamuuliza mkono. Akasema umepona, ngozi yatoka. Nikamwambia simu yake imenimwagia shanga, akacheka.

Kicheko hicho nimekiona maisha yangu yote. Meno, mabega, mkono mdomoni. Sikujua kama mwishoni kina mkwaruzo mdogo, kama mtu anayefuta kitu.

Zamani nilikuwa nikijua kabla ya watu wote. Sasa simu yanishtua kama inavyomshtua kila mtu.

Nikapiga magoti nikaanza kuokota, moja moja, naye bado yuko kifuani.